Mwongozo kamili: jinsi ya kujifunza kitenzi cha Kichina 赦免 na kukitumia pasipo kukosea

Mwanafunzi kachelewa kipindi. Anamwandikia mwalimu wake ujumbe kwenye simu: 请赦免我. Alichotaka kusema ni "naomba unisamehe", na kamusi imempa neno. Kilichomfikia mwalimu ni ombi la mfungwa kwa mkuu wa nchi.

Wiki hiyo hiyo mwanafunzi yule anatafsiri habari ya wafungwa waliotoka gerezani kwa msamaha wa Rais, anaandika 原谅. Msomaji wa Kichina anabaki na picha ya Rais na wafungwa waliogombana, kisha wakapatana.

Hakuna makosa ninayosahihisha mara nyingi kuliko haya mawili, na wanaoyafanya si wavivu. Chanzo chake kiko kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Neno "samehe" kwetu limebeba kila kitu: rafiki husamehewa, deni husamehewa, bidhaa hupata msamaha wa kodi, mfungwa hupata msamaha wa Rais. Kichina kimeyagawa mambo haya, kila moja na neno lake. Ukianza kukariri 赦免 (shèmiǎn) kabla hujaugawa msamaha kichwani mwako, utakosea hata ukiandika herufi hizo mara mia mbili.

## Vitu vya kuandaa

Andaa hivi vyote kabla ya kuanza:

- Daftari la hesabu la miraba. Miraba ikiwa midogo, zungushia minne kwa kalamu iwe mmoja. Utapata mraba wenye msalaba katikati, sawasawa na ule unaotumika kufundishia watoto wa Kichina kuandika.
- Penseli na kifutio. Kalamu ya wino subiri hadi siku ya nne.
- Simu yenye kinasa sauti, kibodi ya pinyin (Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini) na uwezo wa kuandika kwa kusikiliza sauti.
- Kamusi ya Kichina inayotamka maneno. Pleco inatosha, na inafanya kazi hata bila intaneti.
- Sentensi tano za Kiswahili zenye neno "samehe" au "msamaha", ulizozitoa mwenyewe kwenye magazeti, taarifa za habari au mazungumzo ya nyumbani. Usiziruke, zitatumika katika hatua ya kwanza na ya mwisho.
- Dakika 40 kwa siku, kwa siku 6 au 7.

Nachukulia kwamba toni nne unazijua na una msamiati wa maneno mia tano hivi. Kama bado, jenga hayo kwanza. 赦免 ni neno la maandishi rasmi, na anayeanza leo kujifunza Kichina halihitaji leo.

## Hatua ya 1: Gawa kapu la msamaha

Kabla hujagusa penseli, jiulize maswali mawili juu ya kila sentensi yenye "samehe". Nani anasamehe? Na kinachoondolewa ni nini: kinyongo, deni, au adhabu?

Kinyongo kati ya watu ni 原谅 (yuánliàng). Mke na mume, marafiki, mwanafunzi na mwalimu. Yule aliyechelewa kipindi alipaswa kuandika 请原谅, au kwa wepesi zaidi 对不起,我迟到了, yaani samahani, nimechelewa.

"Samahani" ya kupita kwenye kiti cha basi au kumwita mhudumu haihusiani kabisa na msamaha. Hapo ni 不好意思 (bù hǎoyìsi) au 请问 (qǐngwèn).

Msamaha mzito wa moyoni, wa mtu aliyeumizwa sana akaamua kuachilia, ni 宽恕 (kuānshù) au 饶恕 (ráoshù). Utayakuta kwenye riwaya na mahubiri kuliko kwenye sheria.

Deni, ada au wajibu ni 免除 (miǎnchú). Mwaka 2022 China ilipotangaza kusamehe madeni 23 ya mikopo isiyo na riba ya nchi 17 za Afrika, tangazo la Kichina lilitumia 免除. Magazeti yetu yalipoandika "yasamehe" yalikuwa sahihi kwa Kiswahili. Lakini ukiirudisha habari hiyo kwenye Kichina kwa 赦免, utakuwa umeyageuza madeni kuwa wahalifu.

Kodi ni 免税 (miǎnshuì), na hatuna sababu ya kukaa hapo.

Hatia au adhabu, ikiondolewa na mwenye mamlaka juu yako, ndipo penye 赦免. Sharti ni mamlaka: rais, mfalme, bunge. Mtu wa kawaida hata awe na moyo mkunjufu namna gani, hana uwezo wa 赦免, kwa kuwa adhabu hakuitoa yeye.

Wakristo watauliza kuhusu dhambi, na swali lao ni la haki. Biblia ya Kichina ya tafsiri ya Muungano hutumia 赦免 kwa Mungu kusamehe dhambi, kwa sababu Mungu ni hakimu mwenye mamlaka. Sala ya Bwana inaonyesha mgawanyo huu vizuri ajabu. Katika Mathayo, penye "utusamehe deni zetu", Kichina kinasema 免我们的债. Katika Luka, penye dhambi, kinasema 赦免我们的罪. Sisi tunasema "utusamehe" kote kuwili. Sala hiyo ukiijua kwa moyo, tayari una mfano hai wa somo zima.

*Tahadhari:* usiihamishie lugha ya sala kwa jirani yako. Mungu anaweza 赦免, jirani anaweza 原谅.

*Umefaulu ukiona:* zile sentensi tano ulizokusanya umeziandikia neno la Kichina kila moja, na unaweza kumweleza mwenzako kwa nini. Zote zikiangukia kwenye 赦免, rudia. Kwenye matumizi ya kila siku mara nyingi ni moja tu kati ya tano, au hata hakuna.

## Hatua ya 2: Tamka kwanza, andika baadaye

Sauti inatangulia kwa sababu utaliandika neno hili kwa kibodi kuliko kwa mkono, na kibodi inakudai pinyin. Ukilikariri vibaya masikioni, vidole vitafuata.

shè. "Sh" ya Kichina siyo ya "shamba". Pandisha ncha ya ulimi, irudi nyuma kidogo ya ufizi wa juu, ikaribie paa la kinywa bila kugusa, kisha pitisha pumzi.

Irabu yake ndiyo inayowashinda wengi. Siyo "e" ya "shehe". Fanya hivi: tamka "o" ya "moto" na uishikilie. Ulimi usisogee hata kidogo. Sasa tandaza midomo taratibu kana kwamba unatabasamu. Sauti itakayotoka, iliyo kama "o" isiyoviringwa, ndiyo yenyewe. Fanya mbele ya kioo: midomo ikibaki duara, bado.

Toni ni ya nne, inayoanza juu na kuporomoka. Ni kama unavyomkatisha mtu maneno: "Basi!"

miǎn. Hapa tuna bahati. Tamka "mie", ile tunayosema badala ya "mimi", kisha malizia kwa "n" huku ncha ya ulimi imeganda kwenye ufizi. Usiiache iteleze ikazaa "mieni". Maneno yetu mengi huishia kwa irabu, na mdomo utataka kuongeza moja bila wewe kujua.

Toni ni ya tatu. Ishushe sauti mpaka chini kabisa kifuani. Neno likisimama peke yake, mwishoni inainuka kidogo. Likifuatwa na neno jingine lisiloanza na toni ya tatu, kama katika 赦免了 au 赦免权, inabaki chini bila kuinuka.

Kuna mtego unaotokana na Kiswahili hapa. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "shè" tunaikaza vizuri bila shida, halafu "miǎn" tunaitupa ikaporomoka pia. Matokeo yake ni "shèmiàn", toni mbili za nne, na msikilizaji anasikia "miàn" ya uso au ya tambi. Dawa yake ni kuianza "miǎn" kutoka chini, pale pale "shè" ilipoangukia, na kuikawiza.

Jirekodi ukitamka mara kumi, kisha sikiliza kamusi, kisha jisikilize. Usijisikilize wewe kwanza, maana sikio hujizoelea kosa lake.

*Umefaulu ukiona:* unaiambia simu 总统赦免了他 (zǒngtǒng shèmiǎn le tā), "Rais alimsamehe", nayo inaandika herufi hizo hizo. Baada ya hapo tamka 赦免 peke yake mara kumi. Ikitoka sawa mara nane, songa mbele. Sentensi nzima peke yake haitoshi kuwa kipimo, kwani simu hukisia neno kutokana na maneno jirani na kukufichia toni mbovu.

## Hatua ya 3: Jenga herufi mbili

赦 ina mipigo 11, yaani mistari 11 ya kalamu. Kushoto ni 赤 (chì), wekundu, mipigo 7. Kulia ni 攵, mkono ulioshika fimbo, mipigo 4. 赤 imewekwa pale kwa ajili ya sauti, ingawa leo chì na shè zimeachana, kwa hiyo usihangaike kutafuta wekundu ndani ya msamaha.

Mfuatano wa 赤: mlalo, wima, mlalo mrefu, mteremko wa kushoto, wima yenye ndoano, kisha nukta mbili za pembeni, ya kushoto halafu ya kulia. Upande wa 攵: mteremko mfupi, mlalo, mteremko mrefu wa kushoto, na wa kulia unaoukata.

Ibane 赤 ikae nusu ya kushoto ya mraba. Wengi huiandika pana, 攵 inakosa nafasi, herufi inasomeka kama mbili.

免 ina mipigo 7. Mteremko mfupi juu, kikofia kinachokunja, kisanduku kilicholala, kisha miguu miwili: wa kushoto unateremka, wa kulia unapinda na kuinuka kwa ndoano.

Sasa tahadhari kubwa kuliko zote za hatua hii: usiweke nukta. 免 ikipata nukta moja ndogo karibu na mguu wa kulia inageuka 兔 (tù), sungura. Nimeona karatasi ya mtihani yenye tafsiri safi, sarufi nzuri, na sungura katikati ya amri ya rais. Mwanafunzi aliumia sana alipoonyeshwa, kwa sababu kazi nyingine yote ilikuwa sawa. Ukimaliza kuandika ukurasa, pitisha kidole kwenye kila 免 ukitafuta nukta hiyo tu.

赦 nayo ina wa kufanana nayo. 郝 (hǎo) ni jina la ukoo, angalia upande wake wa kulia. 赫 (hè) ina 赤 mbili. 救 (jiù), kuokoa, ina 攵 ile ile, na kwa kuwa maana zinakaribiana macho huteleza kirahisi. Ziandike zote nne kwenye mstari mmoja, 赦 郝 赫 救, na chini ya kila moja pinyin yake. Fanya hivyo siku tatu mfululizo.

Kwa kibodi, andika shemian pamoja bila nafasi. Mara nyingi 赦免 hujitokeza ya kwanza, lakini angalia usibonyeze 舌面 (shémiàn), ambalo ni uso wa ulimi.

*Umefaulu ukiona:* unaandika 赦免 mara tano kwa kumbukumbu, kila mara chini ya sekunde kumi na tano, na mtu asiyejua Kichina akizilinganisha na za kamusi anasema ni zile zile.

## Hatua ya 4: Liingize kwenye sentensi

Hapa ndipo penye kazi. Tuanze na umbo la msingi:

总统赦免了他。
Rais alimsamehe.

Mwenye mamlaka, kitenzi, anayesamehewa. Hakuna kihusishi katikati. Kosa la kawaida ni 赦免给他, kwa sababu sisi huwaza "kutoa msamaha *kwa* fulani". Hiyo "kwa" ya Kiswahili iache nje.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Kiswahili kinaruhusu kumsamehe *mtu* na *kosa* kwa pamoja: "Rais alimsamehe kosa lake". Mtu yumo ndani ya kitenzi kwa "m", na kosa linafuata. 赦免 haichukui viwili hivyo vikiwa vimesimama bega kwa bega. Lazima mtu awe mmiliki wa kosa, kwa 的:

总统赦免了他的罪。
Rais alimsamehe kosa lake. (罪, zuì, ni hatia, kosa la jinai au dhambi.)

Andika sentensi kumi za namna hii ukibadilisha mtu na kosa. Kumi, tafadhali. Mbili hazitoshi kuufuta mkondo wa Kiswahili kichwani.

Kwa upande wa anayepokea una njia tatu:

他被赦免了。Amesamehewa. Ni ya kawaida.
他获得了赦免。Amepata msamaha. Ni rasmi zaidi, na hapa 赦免 imekuwa nomino.
他请求赦免。Anaomba msamaha, kwa maana ya ombi rasmi kwa mwenye mamlaka.

Kisha kuna umbo la nyaraka za serikali, ambalo usipolijua hutaisoma amri yoyote:

对 + watu + 予以 (yǔyǐ) + 赦免

对这些囚犯予以赦免, yaani wafungwa hawa wapewe msamaha. Watu wanatangulia na 对, kitenzi kinakaa mwisho. Usirudishe watu nyuma tena: 予以赦免囚犯 ni kosa. Kukanusha kwake ni 不予赦免, "hatapewa msamaha".

Mambo mengine yapite haraka. Usilirudufishe (赦免赦免), usiliongezee 一下, usilitangulizie 很. Hizo ni pambo za mazungumzo mepesi. Na 赦 peke yake leo haisimami. Inaishi ndani ya maneno mengine tu, kama katika msemo 十恶不赦 (shí è bú shè), unaosemwa juu ya uovu usiosameheka. Hapo 不 inatamkwa *bú* kwa sababu shè inayofuata ni toni ya nne.

*Umefaulu ukiona:* unaweza kuchukua habari moja, mathalani ya Rais Gerald Ford wa Marekani kumsamehe mtangulizi wake Richard Nixon tarehe 8 Septemba 1974, na kuisema kwa maumbo manne bila kusita: 福特赦免了尼克松, 福特赦免了尼克松的罪, 尼克松被福特赦免了, 尼克松获得了赦免.

## Hatua ya 5: Litenge na ndugu zake wa kisheria

Mtafsiri mzuri wa habari huonekana hapa. "Ameachiwa huru" kwa Kiswahili yaweza kumaanisha mambo matano tofauti mbele ya sheria, na Kichina hakikuruhusu kuyachanganya.

无罪释放 (wúzuì shìfàng): mahakama imeona hana hatia, ikamwachia. Hapa hakuna msamaha wowote, na ukiandika 赦免 umemtia hatiani mtu aliyeshinda kesi. Kwangu hili ndilo kosa baya kuliko yote katika mwongozo huu, kwa sababu linamchafulia mtu jina.

保释 (bǎoshì): ametoka kwa dhamana, kesi inaendelea.

假释 (jiǎshì): ametoka kwa parole kabla kifungo hakijaisha, kwa masharti.

减刑 (jiǎnxíng): adhabu imepunguzwa. Huenda bado yuko gerezani.

特赦 (tèshè) na 大赦 (dàshè): hizi ndizo aina za 赦免. Ya kwanza ni msamaha maalumu kwa watu au makundi yaliyotajwa, ya pili ni msamaha wa jumla unaofagia mpaka hatia yenyewe.

Sasa angalia nchi inayozungumzwa. Katiba ya China ya mwaka 1982 inataja 特赦 tu. Ile ya 1954 ilikuwa na zote mbili. Kwa hiyo habari rasmi kuhusu wafungwa waliosamehewa ndani ya China zitasema 特赦, na wewe tumia 特赦. Tangu 1949 imefanyika mara tisa: ya kwanza 1959, alipoachiwa mfalme wa mwisho Puyi (溥仪被特赦), na ya tisa 2019. Ile ya 2015 iligusa wafungwa 31,527, wakiwemo wazee wa miaka 75 na zaidi waliokuwa na ulemavu mkubwa wa mwili, hawawezi kujihudumia. Jina la uamuzi wa 2019 lina lile umbo tulilojifunza: 对部分服刑罪犯予以特赦, "kuwapa msamaha maalumu baadhi ya wanaotumikia vifungo".

Taiwan ni tofauti. Kule kuna sheria inayoitwa 赦免法, na kifungu chake cha kwanza kinasema 赦免 ni jina la jumla la vitu vinne: 大赦, 特赦, 减刑 na 复权 (fùquán), kurudishiwa haki. Kwa hiyo kwa mwanasheria wa Taipei kupunguziwa adhabu kumo ndani ya 赦免. Msomaji wa kawaida wa Beijing hataelewa hivyo. Jua unamwandikia nani.

Kwa marais na wafalme wa nchi nyingine, 赦免 ni salama, na mamlaka yenyewe ni 赦免权 (shèmiǎnquán).

*Umefaulu ukiona:* mwenzako anakusomea kwa Kiswahili habari sita za watu "walioachiwa", nawe unauliza swali sahihi kabla ya kutaja neno. Aliachiwa na nani? Alikuwa amekwisha kutiwa hatiani? Adhabu imeisha au imepungua?

## Hatua ya 6: Soma andiko halisi

Tafuta Kifungu cha 80 cha Katiba ya China, kinachoeleza kazi za Rais wa nchi. Ni sentensi moja ndefu. Usijaribu kuielewa yote. Tafuta vitu viwili tu: 发布特赦令 (fābù tèshè lìng), kutoa amri ya msamaha maalumu, na 任免 (rènmiǎn).

Nakupeleka pale makusudi, kwa sababu 免 inakaa humo mara moja kwa sura nyingine kabisa. 任免 ni kuteua na kutengua viongozi. 免职 (miǎnzhí) ni kuondolewa kwenye wadhifa. 他被免职了 maana yake uteuzi wake umetenguliwa. Nimeshaona ikitafsiriwa "amesamehewa kazi", kosa linaloweza kumletea mtafsiri matatizo makubwa.

Maana ya ndani ya 免 ni kuondoa kitu kilichokuwa juu ya mtu. Kikiwa adhabu, anafurahi. Kikiwa cheo, analia. Kikiwa nauli au ada, ni 免费 (miǎnfèi), bure. Kikiwa viza, ni 免签 (miǎnqiān).

*Umefaulu ukiona:* umepata 任免 na 特赦令 kwa macho yako ndani ya dakika tano, na umezinakili kwa mkono bila sungura.

## Hatua ya 7: Tafsiri habari ya nyumbani

Chukua tukio tunalolikumbuka. Tarehe 9 Desemba 2017, sherehe za Uhuru, Uwanja wa Jamhuri, Dodoma. Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Kati yao 1,828 walipaswa kutoka siku hiyo hiyo, na 6,329 waliobaki wapunguziwe vifungo.

Jaribu mwenyewe kwanza, kisha linganisha. Wengi huandika hivi:

坦桑尼亚总统马古富力赦免了8157名囚犯。

Sarufi haina kasoro, na 名 (míng) ni neno zuri la kuhesabia watu katika habari rasmi, bora kuliko 个. Lakini msomaji wa Beijing ataona milango ya magereza ikifunguliwa kwa watu 8,157, wakati zaidi ya elfu sita walirudi selo na kifungo kifupi zaidi. Kwa Kiswahili wote "wamesamehewa". Kwa Kichina ni lazima uwatenganishe:

坦桑尼亚总统马古富力宣布对8157名囚犯予以赦免或减刑,其中1828人当日获释,其余6329人获减刑。

"...alitangaza kuwapa msamaha au kuwapunguzia adhabu wafungwa 8,157. Kati yao 1,828 waliachiwa siku hiyo, na 6,329 waliobaki walipunguziwa adhabu."

Maneno mawili mapya hapo ni 宣布 (xuānbù), kutangaza, na 获释 (huòshì), kuachiwa. Namba zisome kwa sauti. 8157 ni 八千一百五十七, nyepesi. Ile 31,527 ya 2015 itakubana, kwa sababu Kichina huhesabu kwa makumi elfu: 三万一千五百二十七.

Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania yenyewe inatofautisha kutoa msamaha na kuipunguza adhabu. Kwa hiyo ukipata shida kuwaeleza wenzako kwa nini umeandika maneno mawili badala ya moja, wafungulie ibara hiyo.

Sasa rudi kwenye zile sentensi tano za siku ya kwanza. Zitafsiri zote kwa kalamu ya wino, bila kamusi, na mwisho pitisha kidole kwenye kila 免. Zikitoka zote na neno lake stahiki, mpe mwenzako sentensi tano nyingine akutafutie yeye, uzifanye papo hapo. Zikikushinda mbili au zaidi, usirudi kwenye herufi. Rudi kwenye yale maswali mawili ya Hatua ya 1.